Kuonyesha Njia ni Sadaka

Kuuliza si ujinga, walisema wazee wetu. Zamani mgeni aliyepotea Kisauni au Changamwe alianza kwa salamu, ndipo akauliza njia. Alielekezwa kwa msikiti, kwa mwembe, au kwa duka la fulani. Na wengine walimsindikiza hadi mlangoni.

Siku hizi kazi hiyo imeshikwa na ramani ya intaneti iliyomo garini au katika simu ya dereva. Ilizidi kuzoeleka tangu mwaka 2016, Uber ilipoanza kuchukua abiria mjini Mombasa. Chombo hupokea ishara za setilaiti za Marekani, zilizo kilomita 20,000 na zaidi juu yetu, kikajua kilipo. Intaneti nayo hukiletea ramani, na kwa kutazama mwendo wa simu za madereva wengine, hukiambia wapi pana msongamano.

Mimi si mpinzani wa chombo hiki. Lakini naona tumekielewa nusu. Setilaiti haijui jina la mahali. Jina huandikwa na binadamu. Pasipoandikwa na mtu pana weupe mtupu, na panapoandikwa na asiyepajua huingia makosa. Mwandoni, Mtongwe na Chaani kuna vichochoro visivyo na kibao wala nambari za nyumba. Je, usiku wa manane mgonjwa akizidiwa, dereva wa gari la hospitali ataongozwa na nini, na wa kuulizwa wamelala?

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walipita vichochoroni na vyombo vya GPS mkononi, wakaitia mitaa yao katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuiongeza. Kabla ya hapo Kibera ilikuwa karibu tupu ramanini.

Nasi tunao vijana wenye simu na wazee wenye majina. Vijana, kaeni nao barazani baada ya Alasiri. Waulizeni Shika Adabu paliitwaje hivyo, na njia ile yatokea wapi. Kisha andikeni, kwa tahajia yetu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kumwonyesha njia aliyepotea ni sadaka. Jana tuliitoa kwa kidole na ulimi. Leo twaweza pia kuitoa kwa jina lililoandikwa sawasawa, likamfaa mpita njia tusiyemjua. Tukilala, wengine watatuandikia, na wajukuu wetu watasoma majina ya mitaa yao kwa ulimi wa mgeni.