Amani si mali ya wakubwa

Siasa za Kenya zikichemka tu, swali huwa moja: je, wakubwa wameshapigiana simu? Utalisikia kwenye matatu, redioni, hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Imani yenyewe imezoeleka mno hata hakuna anayeihoji: wakubwa ndio huanzisha vita, basi amani nayo ni yao kuileta, sisi kazi yetu ni kutulia, kuomba na kungoja picha ya mikono ikishikana. Imani hii ni ya uongo, na tena ni ya hatari.

Wanaoishika hunitajia tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba mbele ya Harambee House, Kofi Annan akishuhudia. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sibishi: saini zile ziliokoa maisha. Lakini mwisho wa Desemba 2007, wakubwa hao wakiwa hawataki hata kuonana, watu watano walikuwa wameshaketi katika hoteli ya Serena jijini Nairobi kutafuta njia. Walikuwa majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, balozi Bethuel Kiplagat, George Wachira, na mwanamke wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi.

Kazi hiyo Dekha hakujifunzia hotelini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa inawaka. Ukame ulikuwa umefyeka mifugo, serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991 na bunduki zikavuka mpaka, kisha uchaguzi wa 1992 ukazidi kuzichonganisha koo za Degodia, Ajuran na Ogaden. Sokoni ilifika mahali mtu hamuuzii wala hanunui kwa asiye wa ukoo wake. Dekha alisimulia usiku mmoja wa risasi, alivyojificha chini ya kitanda na mwanawe. Kulipokucha mamake akamwambia kuwa yeye naye aliwahi kujificha hivyo hivyo, Dekha akiwa ndiye mtoto.

Yeye na wanawake wenzake wachache, walioanza kulizungumza jambo hili harusini, hawakungoja mtu kutoka Nairobi. Walianza na soko. Waliweka wasimamizi kutoka koo zote, wahakikishe kila mtu anauza na kila mtu ananunua, na ugomvi ukizuka usuluhishwe kabla haujafika manyattani. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakafikia Azimio la Al Fatah. Vijana, wafanyabiashara na polisi wakaingizwa mmoja mmoja. Mwaka 1995 kamati yao ya amani ikapewa nafasi ndani ya utawala wa wilaya. Serikali, ambayo watu wa Wajir waliikumbuka kwa mauaji ya Wagalla ya 1984, ilikuja kuketi kwenye mkeka uliokwisha kutandikwa.

Linganisha na handisheki ya Machi 2018 kati ya Uhuru Kenyatta na Raila. Ilizaa mpango wa BBI wa kubadili katiba, ambao dawa yake kuu ilikuwa kurudisha cheo cha waziri mkuu na kuongeza viti bungeni. Eti tunachinjana kwa sababu vyeo havitoshi! Mahakama Kuu iliukataa Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikafuata Agosti, na Mahakama ya Upeo ikauzika Machi 2022.

Simaanishi kwamba kila cha mashinani ni kitakatifu. Azimio la Modogashe la 2001, lililoandikwa kwa mtindo huo huo wa Kaskazini Mashariki, liliweka fidia ya ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Wanawake waliosafisha soko la Wajir, nusu bei! Na katika uchaguzi wa 2013, Mandera na Wajir, wazee wa koo waligawana viti kabla ya kura kupigwa. Nia ilikuwa kupunguza risasi, ndiyo, ila wa ukoo mdogo, kijana na mwanamke walikuta uchaguzi umeshakwisha. Huko nako ni kungoja wakubwa, tofauti ni kwamba hawa wana bakora badala ya king'ora.

Kilichofanya kazi Wajir hakikuwa uzee wala mila. Ni kwamba aliyekuwa akiumia aliketi kwenye kamati, akahoji, na akisema jambo lilifuatwa. Hiyo ndiyo demokrasia niijuayo, na ndiyo inayokosekana katika kamati nyingi za amani leo, ambamo chifu huteua marafiki zake, kisha huitwa siku mgeni wa wizara akija na kamera.

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Badala ya kuuliza nani atamwita nani mezani, nenda kwa chifu wako umuulize kamati ya amani ya lokesheni ina nani, ilikutana lini mara ya mwisho, na wanawake wa sokoni wamo wangapi. Akikosa jibu, mwambie aitishe baraza, na msiondoke hapo hadi majina yasomwe.