Jahazi na machweo mpaka lini?

Wasanii wa Mji wa Kale, msinichukie. Ukitoka Fort Jesus ukaingia Ndia Kuu, karibu kila picha inayouzwa ni jahazi, mlango wa nakshi au jua likizama. Nzuri, sawa. Lakini mchoraji mwenyewe yuko wapi hapo ndani?

Hebu mcheki Cyrus Kabiru wa Nairobi, kazaliwa 1984. Kuchora kajifunza mwenyewe. Kakulia mkabala na jaa la Dandora, basi vyuma, nyaya na vifuniko vya chupa vikawa rangi zake. Utotoni alitaka miwani, babake akamwambia ajitengenezee. Akajitengenezea kweli, jamani! Leo miwani hiyo, C-Stunners, inaonyeshwa mpaka ng'ambo, na baiskeli kuukuu za Black Mamba kazigeuza sanaa. Ukiangalia kazi yake unamwona yeye: mkaidi, tena mcheshi.

Sisi tuna mbao za majahazi yaliyokufa, mabati yaliyoliwa na chumvi, leso za nyanya zetu. Mtalii asiponunua je? Kodi ya nyumba haingoji, hilo sibishi. Chora basi jahazi tatu za kuuza, ya nne ibandike leso tuone.