Aliyepitwa kwa Sekunde Moja

Juma lililopita hapa Kwaluguru nilimsikia mzazi mmoja akimkaripia mwanawe aliyekuwa wa pili katika mbio za shule. Alimwambia kwamba wa pili ndiye wa kwanza wa walioshindwa. Kijana akainama, akaenda zake bila neno, na tangu siku ile hataki tena kukimbia. Jambo hili limenikaa moyoni, na ndiyo sababu leo nataka tuzungumze juu ya Juma Ikangaa.

Vijana wengi wa siku hizi hawamjui. Ikangaa alizaliwa mwaka 1957, akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mbio zake zilikuwa marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Wataka kuujua urefu huo? Shika njia ya Korogwe kwenda Handeni. Ni kama theluthi mbili za safari hiyo. Yeye aliukimbia kwa saa mbili na dakika chache tu.

Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliwaacha wengine wote nyuma. Lakini wazee wetu walisema, kutangulia si kufika. Karibu na mwisho Robert de Castella wa Australia akawafikia, akawapita. Ikangaa akapata medali ya fedha, akiwa nyuma kwa sekunde 12. Mwaka 1983 kule Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko akamtangulia kwa sekunde 3. Katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984 akawa wa 6, na za Seoul mwaka 1988 akawa wa 7.

Si kwamba hakushinda kamwe. Mbio za Tokyo alizishinda mwaka 1984, na tena mwaka 1986. Lakini sikieni habari ya Boston, Marekani. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa kwa sekunde 44. Sekunde moja, ndugu msomaji, baada ya kilomita 42! Mwaka 1989 akarudi, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akarudi tena, akawa wa pili nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia. Mara tatu mfululizo.

Sasa angalieni jambo hili. Kati ya ile Boston ya pili na ya tatu, mwezi wa Novemba 1989, alikwenda New York, umri wake miaka 32. Huko alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Katika mbio zile hakuna aliyewahi kukimbia upesi hivyo, na muda wake haukuvunjwa mpaka mwaka 2001.

Sitawadanganya kwamba kila avumiliaye hupata yote anayoyataka. Ikangaa hakuishinda Boston, wala hakupata medali ya Olimpiki. Lakini je, kama mwezi wa Aprili 1989 angekubali kuitwa mshinde, akatundika viatu vyake, nani angekimbia New York mwezi wa Novemba? Hukumkuta ameketi nyumbani akihesabu zile sekunde, alikuwa mazoezini. Mwenyewe hukumbukwa kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu, mtu akikosa nia ya kujiandaa.

Enyi wazazi, mtoto aliyekuwa wa pili anajua vema kwamba hakuwa wa kwanza, hahitaji kukumbushwa. Ukimwaibisha humwongezei mbio, unamfundisha tu kuogopa kujaribu. Nanyi vijana, msijifariji kwa kusingizia njia au viatu. Tafuteni palipowapunguzia mwendo, mkapafanyie kazi.

Na yule mzazi wa juma lililopita, kama anasoma ukurasa huu, namwomba amwite mwanawe jioni hii. Asimwulize kwa nini alipitwa. Amwulize kesho asubuhi ataanza mazoezi saa ngapi, kisha amwamshe.