Ringi mpya, petroli uani

Pikipiki ya zamani ya kuchoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha AG100, ikianza kuchoka mlimani na kiki ikawa nyepesi mguuni, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Kuzibadilisha hakuhitaji gereji kubwa. Injini hii haina valvu kwenye hedi, hivyo fundi huifungua hapo hapo uani, akainua silinda, akakwangua masizi na kuvisha ringi mpya, mwanya wa kila moja ukikaa kwenye pini yake. Akikosea hapo, ringi huvunjika.

Kwa mzazi, shida iko kwenye kuosha. Pistoni huoshwa kwa petroli, na petroli hiyo huwekwa kwenye kikombe au chupa ya soda, chini kabisa, anapofika mtoto wa miaka miwili. Mpe fundi kopo lisilofanana na chombo cha kunywea, na mabaki aondoke nayo.

Mtoto akimeza, usimtapishe. Petroli inapopanda huweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Maziwa, ushauri wa majirani wengi, nayo yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali hata kama anacheza: kikohozi huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Injini ikishafungwa, ijaribiwe nje. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na ukiiwasha sebuleni, kuacha mlango wazi hakutoshi.