Mbegu Katika Kopo la Askari

Askari aliyepangiwa kazi Gasorwe, huko Muyinga, husita kupanda mti wa matunda. Husema: huenda kesho nikahamishwa. Sisi twaiona hoja hiyo kuwa na nguvu kwa mparachichi, ambao ukitokana na kokwa huweza kukawia miaka 5 na zaidi. Haina nguvu kwa mmarakuja, unaoweza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, wala kwa mti wa matunda ambayo Warundi huyaita ibinyomoro, ambao kwa kawaida huzaa kabla ya miaka 2 kwisha.

Mbegu hizo hutolewa katika tunda lililoiva barabara, zikasuguliwa majini mpaka utelezi uondoke, kisha zikaanikwa kivulini. Zipandwe Julai katika kopo lililotobolewa chini, ili miche iwahi mvua za Septemba. Stroberi ni jambo jingine: mbegu yake ndogo mno hutaka mwanga, hivyo huwekwa juu ya udongo laini bila kufukiwa. Mwenye jirani aliye na stroberi na aombe chipukizi linalotambaa, asijisumbue na mbegu.

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kwamba nchini Burundi watoto wapatao 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Tunda peke yake si dawa ya hayo, lakini sahani isiyo na tunda hatuitetei.

Na akihamishwa kabla ya mavuno? Watakula watoto wa mwenzake atakayeshika zamu. Naye aendako huenda akakuta mmarakuja umekwisha kupanda uani.