KLACHI YA MBIO NA NJIA ZA KAMPALA

Wasomaji wenzangu, kuna neno linalosemwa sana katika bweni letu, na husemwa zaidi na kaka zetu waliokwisha kutoka shuleni wakaanza kupata mishahara: kwamba mtu akiiongezea motokaa yake nguvu, hana budi kuitia klachi ya mbio, tena ile kali kuliko zote. Mimi silikubali. Najua wako watakaoniambia kwamba mtoto wa Kidato cha Sita asiye hata na baiskeli anyamaze. Lakini ada yangu ya shule iliingia katika klachi moja ya namna hiyo, kwa hiyo nitasema.

Kaka yangu, aliyesoma hapa hapa, ana Subaru Impreza yenye tabo. Mwaka jana aliiongezea msukumo wa tabo, na injini iliyokuwa na nguvu ya kuzungusha kama Nm 300 ikafika Nm 380 ilipopimwa. Klachi yake ya zamani ikaanza kuteleza: akikanyaga mafuta katika gia ya nne injini yapiga kelele, mwendo hauongezeki, kisha yaja harufu ya kuungua. Fundi akamshauri atie sahani yenye vipande sita vya kauri, isiyo na springi katikati, ya kubeba Nm 650. Kaka alifurahi mno. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii haitateleza kamwe."

Kweli haikuteleza, na ubaya ulikuwa hapo. Sahani ya kawaida huteleza kidogo kwanza, ndipo ishike. Ya kauri hushika kwa ghafula. Katika mbio, ambako dereva huondoka mara chache, si kitu. Lakini jioni, katika foleni ya kupanda kutoka Wandegeya kuelekea Mulago, unaondoka mara mia, na boda-boda wamekugusa mbele na nyuma. Motokaa ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Mama alipanda siku moja tu, akashuka njiani, akasema afadhali teksi.

Mwezi wa pili gia ya tatu ikavunjika meno. Hapa ndipo wengi hawafikiri. Klachi ni kama fyuzi ya umeme: nguvu ikizidi, yenyewe huteleza na kuokoa vilivyo nyuma yake. Ukiiweka ngumu kupita kiasi, na kuondoa springi zinazomeza kishindo, nguvu yote huenda kupiga giaboksi, na zile za gia tano za Impreza hazisifiwi kwa ugumu. Kaka alilipa giaboksi, nami nikakaa nyumbani majuma matatu hadi mjomba alipotusaidia.

Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba uwezo wa klachi hutoka katika mambo manne: shinikizo, msuguano, upana wa sahani, na idadi ya nyuso zinazogusana. Basi mwenye kutaka Nm 380 anunue ya kubeba kama Nm 470, yenye sahani ya kawaida na springi zake, na shinikizo lililoongezwa kidogo. Pedali itakuwa nzito kidogo, hayo nakiri. Klachi ya sahani mbili ni nzuri zaidi, maana nyuso huwa nne badala ya mbili bila kuongeza uzito wa pedali, lakini bei yake si ya mwalimu wala karani.

Watanijibu kwamba madereva wa Pearl of Africa hutumia kauri. Ndiyo, na nyuma yao hufuata mafundi na vipuri. Kaka yangu hufuatwa na mimi tu. Tena hata katika mbio si kila siku ushindi ni wa mkali. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilimalizwa na motokaa saba tu mwaka 1963, na tena saba tu mwaka 1968. Miaka yote miwili alishinda Nick Nowicki kwa Peugeot 404, motokaa ambayo watu waliipakia watoto na ndizi.

Kaka alinibishia juma zima. Alisema nataka motokaa ya padri. Mwishoni alikaa kimya, kisha akaniuliza springi za sahani hutazamwaje kama zimelegea. Jumamosi tunakwenda Kisekka pamoja, kwanza kuchongesha gurudumu la injini lililochubuliwa na kauri, kwa sababu sahani mpya juu ya uso mbovu itaungua upesi. Nimemwomba pia tufungue boksi la klachi mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Ada ya muhula ujao ameniachia mimi niishike.