Pikapu ya bidoni: tusiiite takataka, tuipeleke darasani

Wiki iliyopita, katika kartie moja ya Butembo, nililazimika kusimama kando ya njia ili nipishe pikapu. Ilikuwa ya manjano, na dereva wake, mvulana wa miaka kama kumi, alitembea nyuma akiisukuma kwa fimbo ndefu. Bodi ilikuwa bidoni ya lita 5 ya mafuta ya kupikia, magurudumu yalikatwa katika sandali mbovu, ekseli ni waya wa mwavuli uliovunjika. Taa za mbele zilikuwa vifuniko viwili vya chupa. Ubavuni aliandika kwa biki: TOYOTA.

Mama mmoja akapaza sauti toka mlangoni: «Acha hiyo takataka, uende kuchota maji!» Mtoto akatii. Maji ni lazima, sina ubishi. Lakini neno «takataka» nimeondoka nalo, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Huko Japani, Ulaya na Marekani, watu wazima hununua pikapu ndogo kama hiyo ikiwa vipande vya plastiki ndani ya kartoni. Kampuni kama Tamiya ya Japani inajulikana kwa kazi hiyo. Mara nyingi gari hupunguzwa mara 24: Hilux ya kabini mbili yenye urefu wa karibu mita 5,3 inakuwa na sentimita 22 hivi. Mnunuzi anakata vipande, anavisugua kwa msasa, anavibandika kwa gundi, kisha anapaka rangi. Wenye bidii hawaishii hapo. Wanainyanyua bodi, wanaweka matairi makubwa, wanaongeza vyuma nyuma, hata wanachora kutu na matope ili gari lionekane limefanya kazi. Wapo wanaokutana kushindanisha kazi zao. Hakuna anayewaambia kwamba wanachezea takataka.

Mtoto wetu hana kartoni wala karatasi ya maelekezo. Kabla ya kuunganisha kipande, lazima kwanza akiwaze, akitafute, akitengeneze. Anapasha msumari moto ili atoboe plastiki. Tundu la kushoto likiwa juu kuliko la kulia, gari linavuta upande, naye anajua lazima arudie. Gurudumu likibanwa sana halizunguki; likilegea linachomoka kwenye mteremko, na Butembo si mji wa tambarare. Hayo yote ni vipimo, ni fizikia, ni ufundi. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyempa alama.

Kwa programu, shule zetu za msingi zina saa ya kazi za mikono. Tuliosoma huku tunajua mara nyingi saa hiyo ilikuwa na maana gani: kesho kila mtu alete ufagio. Mimi mwenyewe nilipeleka ufagio ambao mama aliununua sokoni, na nikapata alama nzuri. Mikono iliyofanya kazi haikuwa yangu.

Ninapendekeza jambo dogo. Muhula mmoja, badala ya ufagio, mwalimu aombe bidoni tupu. Wanafunzi wapime gari la kweli lililoegeshwa karibu na shule, wagawanye kwa 24, wachore ubaoni, kisha waunde. Hapo kugawanya na mduara havitakuwa tena maneno ya kukariri. Gari linaloenda mbali zaidi bila kupinda ndilo linapata alama ya juu.

Najua walimu watanijibu kwamba tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na nyembe mikononi mwa watoto ni hatari. Wana haki. Basi wafanye kazi kwa vikundi, kisu kimoja kibaki mkononi mwa mwalimu, na mafundi wa kuchomelea wa jirani waalikwe siku moja waonyeshe jinsi wanavyoongeza vyuma kwenye pikapu za kweli. Bidoni mbovu hatuzikosi. Tusisahau pia kwamba chukudu, inayobeba mizigo yetu, ni mbao, mpira na misumari tu, na Goma imeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo zito zaidi. Beni, kilometa 54 kutoka hapa, niliona pikapu nyingine ya bidoni, iliyoundwa vizuri kuliko ile ya Butembo. Nyuma, mahali pa mizigo, mtoto alikuwa amesimamisha kalamu tupu juu ya kipande cha mti. Nilimuuliza ni nini. Akanijibu bila kusita: «Ni silaha.»

Sikumlaumu. Mtoto anaunda gari analoliona. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajaacha kuisumbua wilaya ya Beni, na mwenye miaka kumi hajaona wakati mwingine. Magari yaliyopita mbele yake ni ya askari, ya MONUSCO, na kati ya 2018 na 2020 yale ya timu za kupambana na Ebola. Kumpiga au kuivunja pikapu yake hakutaondoa silaha barabarani.

Nilimuuliza swali moja tu: gari hili likienda Kasindi, litabeba nini? Alifikiri kidogo, akasema kakao. Kisha akauliza, kama fundi, magunia atayatengeneza kwa kitu gani. Tukapata kipande cha chandarua kilichochanika.

Kalamu hakuitupa. Aliilaza kando ya magunia. Labda ndivyo alivyoona kweli: kakao ya Beni inasafiri na silaha pembeni. Kuiondoa kalamu ile ni deni la viongozi na la sisi watu wazima. Ila magunia yamekwisha kupakiwa, na aliyeyapakia ni mtoto, baada ya kuulizwa.

Mzazi, mwalimu, jioni ya leo ukiiona pikapu ya bidoni ikipita, usiikanyage. Muulize dereva amebeba nini, na kesho atabeba nini. Baadaye aende kuchota maji.